Kompyuta ya Yatima

Kompyuta ya Hajira haikupenda kuharakishwa. Ukibonyeza herufi ilitulia kwanza, ikanguruma chini ya meza, ndipo ikaitoa ile herufi kwenye kioo. Ukibonyeza tatu kwa pupa, ilikupa mbili ikameza moja. Asubuhi ile iliganda kabisa, katikati ya jina la bwana harusi.

"Imekufa?" aliuliza Bi Esnath, ambaye alikuwa ametoka Mpuguso alfajiri, na tope la njiani lilikuwa bado limemganda miguuni.

"Haijafa, mama. Imeganda tu."

"Kwa baridi hii hata mimi nimeganda, sembuse hilo bati." Bi Esnath akajifunika vizuri kitenge chake cha begani. "Nakuuliza kwa sababu harusi ya Ambindwile ni mwezi ujao, na watu hawachangi mpaka wapate kadi. Ukimwambia mtu kwa mdomo anashukuru tu, ndaga, ndaga, halafu humwoni."

Hajira alizima, akawasha, akaanza upya. Alikuwa anachapa kwa vidole viwili, polepole, akisoma kila neno kwa sauti ndogo kama anayesoma dua. Kadi zilipokamilika nje kulikuwa kumeanza kunyesha tena. Bi Esnath alilipa, akasubiri mvua ipungue, na kwa kuwa hakuwa na pa kuangalia akamwangalia Hajira. Akamwona anagawa ile pesa mara mbili. Fungu moja kubwa akalifunga kwenye pindo la khanga. Lile dogo akalitia kwenye kopo la maziwa ya unga lililokuwa juu ya kabati, akasema "Bismillahi" kabla hajaliachia.

"Hiyo ni sadaka?"

"Hiyo ni kodi."

"Kodi ya nani tena? Ya nyumba?"

"Ya kompyuta. Mwenyewe ni huyo hapo."

Bi Esnath aligeuka. Kwenye kona, karibu na jiko la mkaa, alikaa mtoto wa kike wa miaka kumi na mmoja, amevaa sweta mbili, daftari la hesabu magotini. Alikuwa mwembamba, na kila akivuta pumzi kifua chake kilipiga mluzi mdogo.

"Nusrat? Unamlipa kodi mtoto uliyemzaa?"

"Baba yake alipofariki mali iligawanywa, na kompyuta ikaangukia fungu lake. Mimi nikiitumia bure nitakuwa nakula mali ya yatima. Hilo kwetu ni jambo zito, mama."

Bi Esnath alicheka mpaka akashika mbavu. Hakucheka kwa ubaya. "Kwetu mtoto ndiye angekulipa wewe, kwa huo ugali anaoumaliza." Kisha mvua ikapungua, akasimama, akafunga kadi zake kwenye mfuko wa nailoni. Mlangoni akasita. "Mama Nusrat, usininunie. Kadi za kipaimara za wajukuu nitazipeleka kwa yule kijana wa pale stendi. Yake ni nyeupe, mpya. Inazitema kadi kama mvua ya mawe."

"Sinuni, mama. Nenda salama."

Hakununa. Lakini alikaa muda mrefu akikiangalia kioo.

*

Kompyuta yenyewe Jaffari aliipata shirika lao lilipouzwa kwa mwekezaji. Wafanyakazi wengi walipunguzwa, mafao yakaja nusunusu, na waliochoka kusubiri waliruhusiwa kuchukua vitu vya ofisi vilivyochakaa. Wenzake walibeba viti. Yeye alibeba kompyuta, na namba ya shirika ilikuwa ingali imepigwa rangi nyeupe mgongoni mwake. Akafungua ofisi ya kuchapa barua sebuleni kwake, mtaa wa Bagamoyo, hapo hapo mjini Tukuyu. Jioni, wateja wakishaondoka, yeye na Nusrat walicheza gemu la karata na lile la kuendesha gari, mtoto kakaa mapajani mwa baba, kwa sababu kipindi cha masika pumu haikumruhusu kutoka nje kucheza na wenzake. Kisha Jaffari akaugua siku chache tu, akazikwa, na sasa ulikuwa unakaribia mwaka.

"Mama," Nusrat alisema siku ile, Bi Esnath alipokwisha kwenda. "Kopo limejaa?"

"Limefika shingoni, alhamdulillahi."

"Basi tununue memori."

Hajira hakuuliza memori ya nini. Juu ya kabati, pembeni ya kopo, kulikuwa na diski moja ndani ya bahasha yake, gemu la mpira wa miguu. Jaffari alimletea mtoto kutoka Mbeya alipofanya vizuri darasani. Waliiweka kwenye kompyuta usiku ule ule, kompyuta ikaitema, ikaandika kwamba memori haitoshi. Tangu hapo diski ilikaa pale, ikifutwa vumbi kila Ijumaa.

"Kopo ni la sekondari yako," Hajira alisema.

"Lakini ni hela yangu?"

"Ni yako."

"Basi mbona siwezi kuitumia?"

"Ni yako, lakini nitakayeulizwa ni mimi. Nikiulizwa nimeipeleka wapi hela ya yatima, niseme nimenunua gemu?"

Nusrat aliinama, akachora mistari pembeni ya daftari. Baada ya muda akainua kichwa, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyepata jibu la hesabu. "Basi nakusamehe. Kuanzia leo usinilipe kodi. Hela inayobaki tununue memori, itakuwa yako siyo yangu."

Hajira aliguswa, akataka kumvuta na kumbusu. Lakini alikuwa ameshaanza kuchapa barua ya mtu, na jambo la dini hakupenda kulipitisha juujuu. "Huwezi kusamehe, mwanangu. Hujabaleghe. Mtoto hasamehi deni hata akitaka. Msamaha wake haushiki."

"Deni lolote?"

"Lolote."

"Hata kama anataka kabisa, kwa moyo wake?"

"Hata hivyo. Mpaka awe mkubwa."

Mtoto alirudi kwenye daftari lake. Hajira alidhani amenuna, akaendelea na barua.

*

Fundi Ackson alikuja Jumatatu, na mkoba wa bisibisi na koti la mvua lililomzidi. Hajira ndiye aliyemwita. Wateja walikuwa wanapungua, na yule kijana wa stendi alikuwa amebandika karatasi mpaka kwenye mlango wa kinyozi. Ackson aliifungua kompyuta, akapuliza, vumbi la majivu likamrudia usoni.

"Shikamoo mzee," aliiambia kompyuta. Nusrat akacheka. "Mama, hii ilitakiwa iwe imestaafu. Iliposimikwa mimi nilikuwa navuta kamasi."

"Inaponyeka?"

"Inaponyeka. Ukitaka kuchapa barua tu bila kuganda, unaiongeza memori, basi."

"Na gemu?" Nusrat aliuliza.

"Gemu gani?"

Mtoto akaleta diski. Ackson akaisoma, akapiga mluzi. "Hili linataka memori zaidi, halafu linataka na kadi ya picha. Wachezaji humu wana mpaka masikio. Bila kadi hutaona kitu."

Akataja bei, moja ya barua na moja ya gemu. Ile ya barua Hajira aliiona inawezekana, kwa kujibana miezi miwili. Ile ya gemu, alipoizungusha kichwani, ilikuwa sawasawa na mbuzi mmoja, gunia dogo la mchele wa Kyela na mafuta yake. Alijua hivyo kwa sababu hesabu ya mbuzi, mchele na mafuta ndiyo aliyokuwa akilala nayo na kuamka nayo. Hitima ya mwaka ya Jaffari ilikuwa inakuja, na kwa hitima hiyo alikuwa ameuza vitumbua tangu alipomaliza eda, senti kwa senti, bila kuigusa pesa ya kuchapa wala ya kopo.

"Nitakuita," alimwambia Ackson.

"Wote husema hivyo, mama," Ackson alijibu kwa upole, akafunga mkoba wake.

*

Shemeji yake, Jumaa, alikuja kupanga mambo ya hitima. Alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, muuza makoti ya mitumba sokoni, mtu wa sauti nene na moyo wa haraka. Ndiye aliyesimamia mazishi, ndiye aliyesimamia mgawanyo, na yeye mwenyewe alipewa pikipiki, akaiuza, akawapa wao nusu ya pesa ingawa haikuwa haki yao. Hajira hakusahau jambo hilo hata siku alizomchosha.

"Mbuzi nimemwona kwa Mzee Anyelwisye," alisema, akipuliza chai. "Dume. Sheikh nimemwambia, jamaa wa Mbeya nimewaambia, wa Kyela wanakuja. Watu wale, shemeji. Watu wakumbuke Jaffari alikuwa na nduguze."

"Inshallah."

Nusrat aliingia na sahani ya maandazi. Aliiweka, akabaki amesimama, mikono mgongoni. "Baba mkubwa, nina swali."

"Uliza, mama."

"Mtu akikuahidi kitu, akakwambia 'unanidai', lile ni deni?"

"Nani kakuahidi kitu?"

"Baba. Kuongeza memori, ili lile gemu lifanye kazi."

Jumaa aliweka kikombe chini, akamtazama Hajira kwa jicho la kuuliza ni nani amemtuma mtoto. "Sikiliza, Nusrat. Ahadi ya zawadi siyo deni. Zawadi isiyokabidhiwa imekwisha na mwenye kuahidi. Na mali ya yatima haichezewi gemu. Tena shemeji, mimi nilikuwa nafikiri, hiyo kompyuta afadhali niichukue, niitafutie mtu Mbeya kabla haijawa bati tupu. Hela iingie humo koponi. Wewe ubaki na vitumbua vyako."

Nusrat aliinua sahani tupu ya sukari, akatoka nayo. Jumaa akarudi kwenye hesabu ya wageni. Hajira aliitika na kuitika, lakini sikio lake lilikuwa jikoni, ambako mluzi wa kifua cha mtoto ulikuwa umebadilika sauti.

Alipomfikia, Nusrat alikuwa amekaa juu ya kinu kilicholazwa, mabega yamepanda, midomo imeanza kupauka. Hajira alitoa ile dawa ya kuvuta iliyokuwa kiunoni mwake siku zote, akaitikisa, akamwekea mdomoni. Vuta. Tulia. Vuta tena. Akamkalisha mbele ya magoti yake, mgongo wa mtoto kifuani pake, wapumue pamoja kama walivyofundishwa hospitali. Sebuleni Jumaa aliaga kwa sauti, hakujua lolote, akaenda zake. Mvua ilipiga bati. Mluzi ulipungua taratibu.

"Umelilia gemu mpaka kifua kikakubana," Hajira alisema, bila ukali.

"Silii gemu."

"Unalia nini?"

Mtoto alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Kisha akasema, akiwa bado amempa mama mgongo, "Siku ya msiba, Baba mkubwa alisimama pale uani akasema, mwenye kumdai Jaffari aje kwangu. Watu wakaja. Alikuja wa mbolea, akaja yule mwenye duka la betri. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilinyoosha kidole."

"Ulinyoosha kidole?"

"Kama shuleni. Hakuniona. Halafu wakabeba jeneza."

Hajira alimfunika mabega kwa khanga yake.

"Ustadhi alitufundisha madrasa," Nusrat aliendelea, "mtu akifa na deni, roho yake inaning'inia. Haiendi popote mpaka alipiwe. Nikasema basi nimsamehe. Lakini sikujua kama msamaha wangu unashika, ndiyo nikakujaribu na wewe kwanza, kwenye kodi. Ukasema haushiki mpaka nibaleghe." Alivuta pumzi, ikapita bila mluzi. "Mama, mimi nitabaleghe lini?"

Hajira alimvuta karibu zaidi.

"Kwa sababu atakuwa amening'inia muda mrefu."

Angeweza kumwambia kwamba Baba mkubwa amesema kweli, ahadi siyo deni, na Mwenyezi Mungu hamtundiki mtu kwa ajili ya memori ya kompyuta. Ingekuwa kweli, na kweli hiyo aliijua vizuri. Lakini aliona mwaka mzima wa mtoto huyu, anafuta vumbi ile bahasha kila Ijumaa, na yeye akimsifu kwa usafi. Aliona vile alivyokuwa akitia kodi kwenye kopo kwa bismillahi, mbele ya mwenye mali, akiogopa asile haki ya yatima. Na huyo yatima alikuwa amebeba mzigo huu peke yake, hana wa kumpokea.

"Baba yako alisemaje? Nitajie maneno yake."

"Alisema, 'Basi, Nusra, unanidai. Nikienda tena Mbeya nakulipa.'"

"Hakwenda tena."

"Hakwenda."

"Sikiliza. Baba yako yuko kwa Mola wake, na Mola wake ni mpole kuliko ustadhi. Haning'inii. Unanisikia?" Mtoto aliitikia kwa kichwa, lakini kile kichwa hakikuamini. Hajira alimjua. "Halafu, deni la marehemu hulipwa na jamaa zake. Nitalilipa mimi."

"Kwa hela ya kopo?"

"Hapana. Mdai halipwi kwa hela yake mwenyewe. Hiyo itakuwa nimekuibia."

Nusrat alilifikiria hilo, akaona ni haki. Akaegemeza kichwa begani kwa mama yake. Baada ya kitambo akasema kwa sauti ndogo, kana kwamba anaona haya kuliongeza, "Lakini na gemu pia nalitaka."

"Najua unalitaka."

*

Kesho yake Hajira alikwenda sokoni. Jumaa alikuwa anamvalisha mteja koti, mzee mmoja wa mashamba ya chai ambaye mikono ya koti ilimfunika vidole.

"Linakutosha kabisa," Jumaa alimwambia.

"Mikono mirefu."

"Mikono unaikunja. Mikono hailipiwi. Shemeji, karibu, nakuja."

"Nina neno dogo tu," Hajira alisema. Alitaka waende pembeni, lakini pembeni kulikuwa na tope na wauza ndizi. Akasema pale pale. "Mbuzi usimchukue. Hitima tutasoma, watu watakunywa chai kwa ndizi za kuchemsha. Ile pesa ya shughuli nimepata pa kuipeleka."

Jumaa aliacha koti likining'inia bega moja la mzee. "Chai na ndizi."

"Ndiyo."

"Hitima ya mdogo wangu. Watu watoke Kyela na Mbeya, waje wanywe chai na ndizi, kama wamekuja kikao cha shule." Sauti yake ilipanda, na wauza ndizi wakanyamaza wapate kusikia. "Imekwenda wapi hiyo pesa?"

"Kuna deni la Jaffari limejitokeza."

"Deni? Nilitangaza mbele ya watu wote. Nani huyo anayeibuka mwaka mzima umepita? Mbona hakuja nilipoita?"

"Alikuja, shemeji. Hukumwona."

"Nisimwone, mimi? Jina lake nani?"

"Atakuwepo siku ya hitima. Utamwona."

Jumaa alilivuta koti kutoka begani kwa mzee. Mara ya kwanza tangu msiba hakumwita shemeji. "Hajira, mtu akila pesa ya maiti aseme, asizunguke." Alilisema polepole, na kila aliyekuwa karibu alilisikia. Yule mzee wa koti alitazama viatu vyake.

Hajira alivuta mtandio wake mbele. Kulikuwa na jibu mdomoni, lilikuwa tamu na lingemmaliza, lakini lilikuwa la mtoto, si lake kulitoa sokoni. "Karibu siku ya hitima," alisema, akaondoka kwa mwendo wake wa kila siku, akanunua na mchicha njiani, watu wasiseme amekimbia.



*

Ackson alikwenda Mbeya na Coaster ya asubuhi, akarudi mchana na vitu viwili vidogo ndani ya mfuko wa karatasi. Hajira aliviangalia. Mbuzi mzima na mchele wake, na vilienea kwenye kiganja.

"Ndiyo hivi?"

"Ndiyo hivi, mama. Hata mimi huwa nawaonea huruma watu nikiwaonyesha."

Akavifunga, akawasha. Kompyuta ilinguruma kwa sauti nyingine, ya juu kidogo. Hajira alichapa jina lake kwa haraka, herufi zikafuata kidole bila kumeza hata moja. Ackson akanyoosha mkono apewe diski aijaribu. Nusrat akaificha mgongoni.

"Bado," alisema.

"Bado nini? Nimetoka Mbeya kwa ajili yake."

"Deni linalipwa mbele ya shahidi."

Ackson alimgeukia Hajira. Hajira akamlipa, akamwongezea vitumbua vinne, akamwambia aende zake na Mungu ambariki.

*

Siku ya hitima ukungu haukuondoka. Watu walikuja, wachache kuliko waliotarajiwa, maana habari ya chai na ndizi ilikuwa imewahi kufika Kyela. Wanaume walikaa sebuleni, juzuu zikagawanywa, sauti zikapanda na kushuka pamoja. Wanawake walikaa chumbani na uani, chini ya turubai. Sheikh alisoma dua ndefu, nzuri, akamwombea Jaffari nafasi na nuru. Kisha Hajira na majirani wakatoa masinia.

Jamaa mmoja wa kike, Rukia, mtu wa Mbeya, alifunua sinia, akafunika, akafunua tena. "Pilau inafuata?"

"Haifuati, dada. Ndizi ndiyo shughuli."

"Aah." Rukia akachukua ndizi moja, akaimenya kwa ncha za vidole. "Siku hizi mambo ni magumu kila mahali," aliwaambia wenzake, kwa sauti ya kumsitiri mtu aliye uchi. Hajira alimiminia kila mmoja chai, tangawizi ilikuwa kali, akajibu kila pole kwa shukrani, na hakukaa chini mpaka mgeni wa mwisho alipovuka kizingiti.

Jumaa hakuondoka. Alikuwa amekaa sebuleni peke yake, kofia gotini, chai yake imepoa bila kuguswa. Meza ya kompyuta ilikuwa imesukumwa ukutani na kufunikwa shuka, ili watu wapate nafasi.

"Nimekaa namsubiri huyo mdai," alisema. "Watu wote wametoka. Sikumwona."

"Nusrat," Hajira aliita.

Mtoto alitoka chumbani na kanzu yake nyeupe ya madrasa, sweta juu yake, diski kaishika kwa mikono miwili. Alimwamkia baba yake mkubwa. Kisha akaondoa shuka, akaikunja vizuri, akawasha kompyuta, akasimama pembeni kama anayesubiri zamu yake kusoma.

Jumaa alimtazama mtoto, akamtazama mama. "Shemeji, huu ni mchezo gani?"

"Mdai wako huyo. Alikuwa mlangoni siku ile ulipotangaza."

"Nilinyoosha kidole, Baba mkubwa," Nusrat alisema. "Ulikuwa unaongea na mtu wa mbolea." Akamweleza yote, kwa maneno machache, jinsi baba alivyosema, jinsi ustadhi alivyosema, na kwamba mama amelipa kwa pesa ya mbuzi kwa sababu mdai halipwi kwa hela yake. "Ila inatakiwa shahidi mwanamume aone. Ndiyo tumekungoja."

Akaisukuma diski ndani. Kompyuta ilinguruma. Kioo kikawa cheusi, kikakaa hivyo, muda mrefu kuliko walivyotaka, na Hajira akajikuta anasoma kimoyomoyo. Kisha ukatokea uwanja. Majani yake yalikuwa mabichi kama ya chai baada ya mvua, na watu wadogo wenye nyuso, kweli wana masikio, walikuwa wanatoka kwa mstari kuingia uwanjani.

Nusrat alivuta pumzi ndefu, ikaingia yote. "Nimelipwa," alisema. "Simdai tena baba. Baba mkubwa, umeshuhudia?"

Jumaa aliikunja kofia yake mara mbili, akaikunjua. Yule mtu wa sauti nene, aliyetangaza mbele ya mtaa mzima, alipata mnong'ono tu. "Nimeshuhudia." Na baadaye kidogo: "Sikukuona, mwanangu. Wallahi sikukuona."

"Siyo kosa lako. Mimi ni mfupi."

Jumaa alijifuta uso kwa kofia ile ile. Hakumtazama Hajira, lakini alisema, "Shemeji, nilikutamkia neno baya sokoni."

"Limekwisha."

"Wale watu walilisikia. Nitakwenda kuwaambia."

"Basi uwaambie."

Hajira alianza kukusanya vikombe. Nyuma yake alisikia mtoto anavuta kigoda, kisha anavuta kingine.

"Baba mkubwa, kaa. Mchezo huu ni wa watu wawili."

"Mimi nimezoea kuuza makoti."

"Nitakufundisha. Kidole hapa, na kidole hapa. Huku unakimbia, huku unapiga."

Alikwenda uani na masinia, akarudi, akaenda tena na birika. Aliporudi mara ya tatu Jumaa alikuwa ameinamia kibodi kama mtu anayechambua mchele, jasho limemtoka ndani ya baridi ile, na mchezaji wake alikuwa anakimbia na mpira, anawapita watu wote, hakuna hata mmoja anayemzuia.

"Unaona," Jumaa alisema kwa majivuno, "wananiogopa."

"Baba mkubwa, lile unaloliendea ni goli lako."

"Langu?"

"Hao hawakukabi kwa sababu ni wa kwako."

Alikuwa ameshapiga. Umati ndani ya kompyuta ukalipuka kwa shangwe, na Nusrat akacheka, akacheka mpaka akashika kifua. Hajira akaweka birika chini haraka, mkono kiunoni penye dawa. Mtoto alitulia. Akavuta pumzi mara moja, mara mbili, zikapita kimya, akamsogeza baba yake mkubwa kiwiko kidogo apate nafasi, akaendelea kucheka.

Hajira akaokota birika lake, akaenda kuwatengenezea chai nyingine.